Friji ya Dawa, Majagi ya Futari

Jumatatu, 23 Februari

Nimefungua duka. Nimefagia, nimefuta kaunta, nimesoma kipimajoto cha friji. Kiko sawa. Gereji ya jirani wameanza kugonga chuma mapema kana kwamba kimewatukana. Kisenyi, mtaa wetu huu wa Kampala, haijui kuamka polepole.

Apio amepiga simu kabla sijanywa chai. Yeye ndiye mfamasia wangu, jina lake ndilo liko kwenye cheti pale ukutani. Shangazi yake amefariki, ameshapanda basi la Lira. Atakaa huko wiki nzima, labda zaidi. Akaniambia nifunge duka au nitafute mfamasia wa kumshikia nafasi. Nikasema nitatafuta.

Sitatafuta. Duka ni langu. Nimesimama nyuma ya kaunta hii tangu mwanangu Wekesa anaanza shule, na sasa ana ndevu. Dawa zote nazijua zilipo hata nikifumba macho. Wiki moja tu.

Kwaresima na Ramadhani zimegongana mwaka huu. Mimi nimeacha chai ya maziwa, na siku ya tano sasa naona kila mtu ana kasoro. Majirani wao wamefunga kabisa, na bado wana nguvu ya kutania. Baada ya Alasiri msururu ukaanza kama kila mwaka: jagi la ukwaju, jagi la embe, kidumu cha maziwa ya ngamia cha Wasomali wa duka la jumla. Wote wanaleta kwangu. Umeme wao ukikatika umekatika, lakini mimi nina sola na betri kwa ajili ya insulini, kwa hiyo friji yangu hailali. Jua likizama wanachukua majagi yao na mimi wananiachia sambusa. Nimekula sambusa za Ramadhani miaka yote hii na kipaimara nimepata Bungoma, kwetu Kenya. Nashukuru kuishi na watu wa namna hii. Nilipofiwa na mume wangu ni hawa waliokaa nami, wala si watu wa kanisani.

Jumanne, 24 Februari

Mama Shamim amelalamika. Juisi yake haikuwa baridi jana. Alisema mbele ya watu: "Mama Wekesa, friji yako imezeeka kama sisi? Ukwaju ulikuwa moto, karibu baba yangu afikirie ni chai."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini iliniuma kidogo.

Mama Shamim anauza vikapu na vitambaa vya kutarizi mlango wa pili kutoka kwangu. Mnubi wa hapahapa, babu wa baba yake aliletwa na jeshi la wakoloni kutoka Sudani na hawakurudi tena. Ana mdomo mkali na mkono mkunjufu. Akikosa la kusema juu yako, ujue amekasirika.

Jumatano, 25 Februari

Asubuhi nimezungusha kile kidude cha kuongeza baridi ndani ya friji mpaka karibu na mwisho. Nimepanga majagi vizuri, makubwa mbele. Vikasha vya insulini nikavisukuma nyuma kabisa visisumbuliwe na mikono ya watu.

Jioni sifa zikamiminika. Mama Shamim alishika jagi lake akaruka. "Banange! Hii sasa ni friji!" Nikavimba kichwa.

Jioni hiyohiyo nimeuza vichupa viwili vya insulini, vikiwa ndani ya vikasha vyake. Kimoja ni cha Mama Shamim, cha baba yake Mzee Juma. Cha pili alichukua mwanamume mgeni mwenye ovaroli, ana haraka, foleni ndefu nyuma yake. Jina lake sikuuliza. Apio ana tabia ya kuandika kila mtu. Mimi nilitazama foleni.

Ijumaa, 27 Februari

Joto. Wateja wengi, malaria na vifua. Kipimajoto kinasoma sawa asubuhi na jioni. Nimempigia Apio pole nyingine. Mazishi ni kesho. Hakuuliza kuhusu duka na mimi sikumwambia. Mguu wa kushoto unauma.

Jumatatu, 2 Machi

Mama Shamim amekuja na moto. Sukari ya mzee imepanda sana. Daktari alimkataza kufunga, naye hafungi, lakini kila Magharibi anakaa mkekani na wajukuu, na tende ziko pale mbele yake. Kwa hiyo ni tende. Sote tuliona ni tende.

Nimekwenda naye nyumbani kumsaidia kumsema. Sijui nani alinituma. Mzee Juma alikuwa ameketi wima kitandani. Alikuwa jeshini zamani, na Kiswahili chake bado ni cha paredi. Akasema: "Mimi nasema hapana. Sindano napiga asubuhi, sindano napiga jioni. Kula yangu ni ya utaratibu."

Nikamwambia mtu mzima hadanganyi. Mimi nikasema hivyo, kwa mdomo wangu. Nikamwambia ana bahati kuwa na binti anayemjali, aache kumsumbua.

Akageukia ukuta.

Jumatano, 4 Machi

Mama Shamim hakufungua duka lake asubuhi. Mzee anakunywa maji kama gari bovu na halali. Mama Shamim anasema mzee amejidunga dozi yote. Nikamwambia ampeleke hospitali, akasema kesho.

Jagi lake limeletwa na mtoto wa jirani. Hata leo.

Nimemwambia Mungu sala fupi. Kisha nikauza dawa ya minyoo.

Alhamisi, 5 Machi

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Wakaguzi wa mamlaka ya dawa waliingia baada ya Alasiri. Wawili. Mwanamume alibaki mlangoni. Mwanamke, kijana, miwani, Muganda wa sauti ya chini, alinisalimia vizuri na kuniita nnyabo, yaani mama. Akatazama cheti ukutani, akaniuliza mfamasia yuko wapi.

Nikasema: "Ametoka kidogo."

Yuko Lira! Safari ya siku nzima! Uongo wa kijinga ulitoka wenyewe, sikuulea hata dakika moja.

Akafungua friji. Alisimama akiyatazama majagi. Ukwaju, embe, ngamia. "Nnyabo, hii ni duka ya dawa ao ni hoteli?" Nikaanza kueleza habari ya Ramadhani na umeme. Nilikuwa hata natabasamu. Nikamwonyesha kipimajoto, kiko sawa, tazama mwenyewe.

Kipimajoto kinaning'inia kwenye mlango wa friji. Mlango ule unafunguliwa na kila mtu kuanzia Alasiri. Yeye hakukitazama. Alitoa majagi moja moja akayaweka sakafuni, akaingiza mkono mpaka nyuma, na nilimwona usoni alipogusa. Akavuta kikasha cha insulini. Hakikuja. Alipokivuta tena kilichanika, karatasi yake ikabaki imeshikamana na barafu ukutani.

Barafu. Nyuma kote.

Akashika kichupa kwenye mwanga. Ndani kilikuwa kigumu, cheupe.

Insulini ikiganda imekufa. Hata ikiyeyuka. Ile isiyo na rangi ikiyeyuka inarudi kuwa maji safi, huwezi kuiona tofauti, unaidunga na haifanyi kazi. Hili nalijua. Apio alinifundisha. Nimeliambia watu wengi mimi mwenyewe kwenye kaunta ile, wasiiweke karibu na barafu.

Na hapo ndipo nikamwona akilini Mzee Juma amegeukia ukuta.

Nilimwambia mkaguzi kuna mtu anadungwa hii. Hakuniuliza swali hata moja. Alisema: "Genda. Kimbia sasa. Duka mimi nabaki nayo."

Nikakimbia na mguu wangu huu. Nyumbani kwao nilimkuta mzee hajui yuko wapi, mdomo umekauka, anamwita mtu ambaye Mama Shamim anasema alikufa zamani vitani. Vijana wa gereji walimbeba kwenye gari la mteja bila kumwuliza mteja. Hospitali wakamtundikia dripu, wakamdunga insulini nzima.

Kwenye varanda nikamwambia Mama Shamim ukweli wote. Friji, kile kidude, barafu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Toka mbele yangu."

Nikatoka.

Ijumaa, 6 Machi

Mzee ameamka. Amemwuliza muuguzi yeye ni wa kikosi gani. Asante Mungu. Asante. Asante.

Duka limefungwa, lina kufuli ya mamlaka na karatasi mlangoni. Majirani wanaisoma kisha wananitazama.

Apio amefika mchana moja kwa moja kutoka basini, bado ana kitambaa cha msiba kichwani. Nilitaka agombe. Hakugomba. "Nilikwambia ufunge," akasema mara moja tu. Kisha akauliza tangu nizungushe kidude vichupa vingapi vya insulini vilitoka. Nikasema viwili. Kimoja kwa Mzee Juma. Cha pili?

Cha pili. Mwanamume mwenye ovaroli.

Hatuna jina wala simu yake. Kuna mtu mahali fulani katika jiji hili anajidunga maji na kudhani anapona. Apio alikaa kwenye ngazi ya duka na kushika kichwa. Leseni waichukue. Mtu yule apatikane.

Jumamosi, 7 Machi

Tumetembea. Apio upande mmoja, mimi upande mmoja. Gereji zote za Kisenyi, kila ovaroli. Unamwuliza mtu: uliwahi kununua insulini kwangu? Wanafikiri unawadai au una wazimu.

Nilikwenda kwa imamu mwenyewe, nikavua viatu nikasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Nilimweleza bila kujificha. Akatangaza kwenye kipaza sauti baada ya swala. Kwa Kiganda, kwa Kiswahili, na kijana wa Kisomali akarudia kwa Kisomali. Kichupa cha dawa ya sukari kutoka duka la Mama Wekesa, usidunge, kirudishe. Jina langu lilipita juu ya mabati yote ya Kisenyi. Niliona aibu hadi visigino. Niliona shukrani pia. Zilikuja pamoja.

Vijana wa stendi ya teksi wamelichukua tangazo wakawa wanalitangaza kila wakiita abiria wa Entebbe na wa Masaka.

Jumapili, 8 Machi

Misa ya kwanza, kisha padri akanipa nafasi nikasema. Wakenya wenzangu wengi hukaa viti vya nyuma. Mmoja, Barasa, anauza vipuri, alinifuata nje kwa mashauri. Akasema mamlaka wakiniita kwenye kikao cha nidhamu niseme umeme ulicheza. Kila mtu Kampala anajua umeme unacheza. Niseme friji iliharibika yenyewe, nani atabisha? Wakenya lazima tusaidiane.

Nikamuaga. Lakini nimelibeba neno lile mpaka nyumbani. Ni tamu. Nakiri ni tamu.

Hakuna habari ya ovaroli.

Jumatatu, 9 Machi

Amepatikana!

Mama Shamim ndiye. Haongei nami, kwa hiyo alimpigia Apio kutoka hospitali. Siku ile alikuwa ndani ya duka akingoja jagi lake, na yule mtu alimgonga mguuni na mzigo. Mashine ya kukaangia chipsi, mpya, bado inanuka rangi. Alimgombeza, naye akamwomba msamaha kwa Kiswahili cha Kongo, akasema anamkimbizia dawa mkewe mwenye sukari. Amekumbuka hilo akiwa amekaa kando ya kitanda cha baba yake, mguu ukiwa bado una alama.

Tulikwenda Katwe mbio. Mashine za chipsi Katwe zinatengenezwa mstari mmoja, mabati, cheche, huwezi kusikia hata mawazo yako. Apio akapiga kelele kwenye sikio la kila fundi: Mkongo, mke ana sukari. Wa nne au wa tano akanyoosha kidole. Baba Furaha, yule pale.

Alipoinua kioo chake cha kuchomea nilimtambua. Nikamwuliza dawa iko wapi, mke yuko wapi, mzima? Alituangalia wanawake wawili tunahema mbele yake.

"Iko, mama. Bibi yangu hajaifungua. Ile ya zamani haijaisha."

Nilikaa chini palepale kwenye vipande vya chuma. Nikalia kwa sauti. Mafundi wakazima mashine wakidhani amefariki mtu.

Mkewe alitupa kichupa kikiwa kimezibwa bado. Mwanamke mwembamba, mcheshi, ametukaribisha mihogo. Apio akampa kipya alichonunua kwenye duka jingine. Nilipomweleza kilichotokea akatazama mtoto wake mlangoni, kisha akasema tu: "Mungu alichelewesha ile chupa ya zamani."

Sijawahi kushukuru kitu kuchelewa.

Jumanne, 10 Machi

Nimekwenda hospitali wakati Mama Shamim amekwenda kufua. Kama mwizi. Mzee Juma ameketi, amenyolewa ndevu.

Nilimwomba radhi. Si kwa dawa tu. Kwa kumwita mwongo nyumbani kwake, mbele ya wajukuu zake.

Alichungulia mlangoni. Kisha akaniashiria nisogee. "Sindano nilipiga yote, hiyo ni kweli. Lakini tende nilikula. Mbili. Wewe hapana ambia huyu binti."

Nilicheka mpaka muuguzi akaja. Mzee amerudi.

Alhamisi, 12 Machi

Barua ya wito imefika. Kikao cha nidhamu ni Jumanne. Mimi kama mmiliki, Apio kama msimamizi. Sikujua kama atashtakiwa na yeye. Alikuwa anazika! Lakini sheria inasema akiondoka atoe taarifa kwa mamlaka, asiniachie mimi peke yangu. Alinitegemea. Hilo ndilo kosa lake, kunitegemea.

Nikamweleza shauri la Barasa, umeme kucheza. Nilijifanya nalitaja tu, kama mzaha. Apio hakucheka. "Mama, ukisema umeme, mimi nitasimama niseme ulizungusha kwa mkono. Nakupenda, lakini nitasimama."

Nimekasirika saa nzima. Halafu hasira ikaisha na nikabaki na aibu, halafu nikabaki na Apio. Ni bahati kubwa kufanya kazi na mtu wa namna hiyo. Wengine wanaazimisha cheti kitundikwe ukutani na duka lenyewe hawalijui lilipo. Mimi nina huyu.

Jumatatu, 16 Machi

Nimepiga pasi gauni la bluu. Sina hamu ya kula. Nimetafuta maneno ya kujitetea, kila ninalolipata ni la uongo au ni la kulalamika. Nikaacha.

Jumanne, 17 Machi

Chumba kidogo, meza ndefu, watu watatu nyuma yake. Mwenyekiti ni mzee mpole ambaye upole wake unatisha. Yule mkaguzi wa miwani alikaa pembeni. Nilimsalimia, akaitikia.

Wakasoma. Kuendesha duka la dawa mfamasia hayupo. Kuweka vyakula kwenye friji ya dawa. Kuuza dawa iliyoharibika. Kuuza bila kuandika mnunuzi. Kumdanganya mkaguzi akiwa kazini.

Lile la mwisho ndilo lililoniuma. Mengine ni makosa ya mikono. Lile lilitoka ndani.

Kila moja wakaniuliza. Kila moja nikasema ndiyo. Baada ya la tatu mwenyekiti aliweka kalamu chini akauliza kama nina mwanasheria. Nikasema sina, wala sina la kubisha. Akaniuliza kwa nini niliongeza baridi. Hapo neno umeme lilikuja mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Nikasema niliongeza kwa sababu juisi haikuwa baridi, nami nilitaka kusifiwa na majirani.

Mtu mmoja mezani aliinamisha kichwa. Sijui alicheka au alisikitika.

Apio alisimama akasema la kwake. Hakunisingizia wala hakunipamba. Alisema alipaswa kutoa taarifa na hakutoa.

Kisha mlango ukafunguliwa, wakamwita Mama Shamim. Sikujua amealikwa. Alipita mbele yangu bila kunitazama, buibui jeusi, harufu ya udi. Nilidhani nimekwisha. Na angekuwa na haki.

Akasema: "Baba yangu karibu afe. Hilo liandikwe. Na mimi ndiye nilisema juisi iko moto, nilimfanya achekwe mbele ya watu. Hilo pia liandikwe. Lakini duka ni lake. Mimi nauza vikapu, sijui dawa inataka nini. Yeye alijua." Akakaza buibui lake. "Alipojua, alikimbia akaniambia mwenyewe. Hakungoja niulize."

Akatoka. Hakunitazama tena.

Hakunionea wala hakunihurumia. Alipima sawasawa, kama anavyopima kitambaa. Nilikaa pale na machozi, nikijua sijawahi kusemwa kwa haki hivi.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Ngoma na watoto wenye nguo mpya tangu alfajiri. Mzee Juma ameruhusiwa jana, nilimwona mbali amekaa kwenye kiti na kanzu nyeupe, watu wanapanga foleni kumpa mkono.

Sikualikwa. Mara ya kwanza tangu nihamie hapa. Nimepika ugali, nikala peke yangu. Haki yao.

Jumatano, 25 Machi

Uamuzi. Leseni imesimamishwa mpaka mwisho wa Aprili. Friji mpya, ya dawa tu, yenye kufuli na kipimajoto ndani kabisa, ndipo nifungue. Mimi nisimpe mgonjwa dawa kwa mkono wangu, niwe mmiliki, basi. Apio asipokuwepo mlango usifunguliwe. Nikirudia wataifuta leseni moja kwa moja. Apio amepewa karipio la maandishi. Litakaa kwenye faili yake. Hilo limeniumiza kuliko langu, nikamwambia. Akasema aliyemfundisha kazi alikuwa na mawili.

Wangeweza kunifungia milele. Barasa anasema nimeonewa. Sikuonewa. Walinitazama vizuri, wakaona kosa, na bado wakaona kuna mtu. Yule mkaguzi alinifuata nje akaniuliza hali ya mzee. Nikamshukuru kwa kuja siku ile. Alishangaa. Akasema hakuna mwenye duka aliyewahi kumshukuru. Nikamwambia angekuja wiki moja baadaye ningekuwa nimeua watu wawili na nisijue.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Nimekunywa chai ya maziwa, vikombe vitatu, nikaumwa tumbo. Nimefurahi.

Wekesa amepiga simu kutoka Eldoret. Nilimsimulia yote. Akauliza kwa nini nisirudi nyumbani Kenya, nipumzike. Nikamwuliza nyumbani ni wapi.

Jumanne, 21 Aprili

Friji imefika. Ndogo, nyeupe, ina kufuli. Ufunguo mmoja tu, nao anao Apio. Majirani wamekuja kuitazama kama wanatazama maiti. Msomali wa maziwa akasikitika kwa dhati. Nikamwambia aende kwa muuza soda.

Nimepaka rangi rafu. Zinapendeza.

Jumatatu, 4 Mei

Leo ndiyo siku ya kufungua. Mvua imenyesha tangu usiku. Apio amepiga simu: maji yamejaa barabara ya Kalerwe, magari yamesimama, nyanya za soko zinaelea. Atafika, lakini hajui lini.

Kwa hiyo nikakaa kwenye benchi la wateja, nje, chini ya bati. Mlango umefungwa nyuma yangu. Wateja walikuja wakauliza. Nikawaambia mfamasia hajafika. Wakauliza: si wewe mwenyewe upo? Nikasema nipo. Wengine wakacheka, wakavuka barabara kwenda duka la pili. Lilikuwa wazi, taa zinawaka. Niliwatazama wakiingia mmoja mmoja. Iliuma, lakini niliweza.

Kisha Mama Shamim akatoka dukani kwake na mwavuli. Mkononi ana karatasi ya daktari ya baba yake. Tangu Machi hajaniambia hata habari za asubuhi.

Akasimama mbele yangu. "Insulini," akasema.

Nikamwambia Apio hajafika. Nikamwambia siwezi kufungua, atangoja sana, na duka la ng'ambo lipo wazi, insulini yao ni nzuri.

Alitazama ng'ambo. Akatazama mvua. Akafunga mwavuli, akaukung'uta, akaniambia nisogee.

Nikasogea. Akakaa.

Mvua ilipiga bati juu yetu na karatasi ya mzee ilikuwa magotini pake, ameifunika kwa mkono isilowe. Tukamngoja Apio.